Misora Hibari: malkia wa enka kabla enka haijazaliwa

Mtaa wa Noge, mjini Yokohama, una sanamu ya mtoto wa kike aliyevaa koti la mkia na kofia ndefu, mavazi ya bwana mkubwa anayekwenda dansi. Ndivyo Misora Hibari alivyoonekana mwaka 1949 katika filamu ya Kanashiki Kuchibue, akiwa na miaka 12. Hana kimono wala machozi. Ni katoto kamevaa kama mzee wa mjini Paris, na anaimba kwa sauti nzito ambayo hujui imetoka wapi katika kifua kidogo kiasi kile.

Lakini muulize Mjapani wa leo Hibari alikuwa nani, atakujibu bila kufikiri: malkia wa enka. Kwa asiyeijua, enka ni ule wimbo wa taratibu wenye pombe, mvua, bandari na mpenzi aliyeondoka na meli. Mwimbaji husimama wima katika kimono, sauti ikatetemeka mwishoni mwa kila mstari huku violini zikilia nyuma yake. Wajapani huuita muziki wa roho yao, na wengi huuchukulia kuwa wa kale kama mahekalu.

Nina ugomvi na cheo hicho. Si kwamba hakustahili taji, la. Tatizo ni kwamba wakati Hibari anaanza kuimba, ufalme wenyewe haukuwapo.

Tuanze na neno. Enka lilisikika kwanza miaka ya 1880, wakati wanaharakati waliodai bunge na haki za raia walipozuiwa kuhutubia. Hotuba wakaigeuza wimbo. Mtu akisimama njiani akaimba maovu ya serikali, polisi wanamkamata kwa kosa gani? Baadaye nyimbo hizo zikawa za wapiga fidla wa mitaani, kisha neno lenyewe likafifia. Lilirudi miongo mingi baadaye likiwa na maana nyingine kabisa. Mwaka 1966 mwandishi Itsuki Hiroyuki alitoa hadithi yenye jina hilohilo, akizitetea nyimbo za kilio ambazo wasomi walizidharau. Mwaka 1969 akatokea Fuji Keiko, msichana mwenye uso usiocheka na sauti ya mkwaruzo, na kampuni za santuri zikapata bidhaa iliyokosa jina. Ilipofika mapema miaka ya 1970, enka ilikuwa na rafu yake dukani.

Hibari alikuwa kazini kwa zaidi ya miaka 20 wakati huo. Rafu iliwekwa, akachukuliwa na kupangwa juu kabisa, pamoja na nyimbo alizoziimba kabla rafu haijachongwa. Ni kama sisi na zilipendwa. Hakuna mwanamuziki aliyeingia studio akasema leo narekodi zilipendwa. Wakati ndio ulioupa muziki ule jina. Tofauti ni kwamba sisi tunajua zilipendwa ni jina la umri. Wajapani wakaamua enka ni jina la damu.

Jina halisi la Hibari lilikuwa Kato Kazue, na alizaliwa tarehe 29 Mei 1937 huko Isogo, Yokohama. Baba yake aliuza samaki. Hibari ni jina la ndege mdogo anayeimba huku akipaa juu, na Misora ni mbingu nzuri. Mama yake, Kimie, ndiye aliyekiona kipaji na ndiye aliyekisimamia hadi alipofariki mwaka 1981. Wapo waliosema alikisimamia kupita kiasi. Vita vilipoisha, Yokohama ilijaa askari wa Kimarekani, na redio zao zilijaa jazz na bugi. Mwanamuziki aliyetawala Japani ya siku zile alikuwa Kasagi Shizuko, mwanamke aliyeruka, akapiga kelele na kutupa miguu jukwaani, akiimba tungo za Hattori Ryoichi. Tokyo Boogie-Woogie ya mwaka 1948 ilikuwa yake.

Hibari alimwiga Kasagi kila kitu, hadi miguu, na watu wakambandika jina la Kasagi mtoto. Kwa hiyo huyu aliyekuja kuitwa roho ya Japani alianza kwa kuiga Mjapani aliyekuwa akiwaiga Wamarekani weusi. Sioni aibu yoyote katika hilo. Muziki haujawahi kusafiri kwa njia nyingine. Mabendi yetu yalijiita Western Jazz, Morogoro Jazz, Kilwa Jazz, na ndani yake mkapigwa rumba na chacha, hakuna aliyewashitaki.

Hibari alishitakiwa. Alipokwenda kwenye shindano la waimbaji wasio na jina katika redio ya NHK, shirika la utangazaji la taifa, kengele ya ushindi haikulia. Si kwamba aliimba vibaya. Waamuzi waliona haifai mtoto kuimba nyimbo za watu wazima, tena kama mtu mzima. Mwaka 1950 mshairi Sato Hachiro akamwandika gazetini kama kituko, mtoto asiye mtoto. Mimi naona hapo ndipo ilipo siri ya kazi yake yote, maana ukuta wa kwanza alioupanda ulikuwa wa umri, kabla hata ya huo wa aina za muziki. Japani iliyoshindwa vita ilitaka watoto wake waimbe nyimbo safi za sungura na mwezi. Yeye alisimama mbele ya watu waliolala njaa akawaimbia mapenzi yaliyovunjika, nao wakalia. Walijua maana ya mtoto kukua kabla ya wakati. Walikuwa na wa namna hiyo majumbani mwao.

Mwaka huohuo alipelekwa Hawaii na California kuwaimbia Wajapani wa huko. Kabla hajaondoka ikaja amri kwamba haruhusiwi kuziimba tungo za Hattori, kwa sababu Kasagi na Hattori wenyewe walikuwa na safari ya Marekani baada yake. Wengi huusimulia mkasa huu kama wivu wa mkubwa kwa mdogo. Labda. Ninachokiona mimi ni kwamba mwigaji aliyenyang'anywa nyimbo za kuiga hana budi kuwa mtu. Tokyo Kid, wimbo wa mwaka huo, ni wake hasa: mtoto wa mitaani ambaye mfuko wa kulia una ndoto na wa kushoto una chingamu. Chingamu ni ya askari wa Kimarekani, kila msikilizaji alilijua hilo.

Sasa tufike mwaka 1952, na hapa naomba tukae kidogo. Mwaka huo mmoja Hibari alitoa nyimbo mbili ambazo, ukizisikiliza mfululizo, utakataa kwamba mdomo ni mmoja.

Ya kwanza ni Ringo Oiwake, iliyotungwa kwa ajili ya mchezo wa redio kuhusu binti wa shamba la matofaa huko Tsugaru, kaskazini mwa Japani. Oiwake ni wimbo wa wachunga farasi wa mizigo, unaovutwa taratibu kwa mwendo wa mnyama aliyechoka. Hibari anaanza na petali za tofaa zinazopukutika kwa upepo, na silabi moja anaikokota hadi unajiuliza pumzi anaitoa wapi. Kisha anafanya ule ujanja wake: sauti inatoka kifuani, inafika mahali inavunjika, na badala ya kuanguka inarukia kichwani, nyembamba, safi, bila kukwaruza. Ni mruko wa sekunde isiyotimia. Katikati muziki unashuka, anaacha kuimba na kuanza kusema kwa lahaja ya huko, kama binti anayemkumbuka mama yake aliyefia Tokyo. Alikuwa anakaribia miaka 15 na asili yake ni bandarini. Aliigiza, na alijua anaigiza.

Ya pili ni Omatsuri Mambo. Jina hilo sisi hatuwezi kulisikia bila kutaka kujibu poa, lakini mambo hapa ni ule mdundo wa Cuba uliokuwa ukiizunguka dunia wakati huo. Mtunzi, Hara Rokuro, aliuchanganya na kelele za sherehe za mtaani, pale vijana wanapobeba kijumba cha mungu wa mtaa mabegani wakipiga ukelele wa wasshoi, wasshoi. Kisa chake ni cha mzee jirani mwenye wazimu wa sherehe. Anaambiwa: mzee, kengele ya moto inalia, moto uko karibu! Yeye wasshoi tu. Anafuata bibi naye: bibi, nyumbani kwako hakuna mtu, mwizi anapanyemelea! Naye wasshoi. Hibari anayapiga maneno kwa kasi ya mtu anayeshuka ngazi mbilimbili, na hakuna hata moja linalomponyoka. Halafu ghafla mwendo unakatika. Sherehe imekwisha, jua limezama, upepo wa baridi unavuma, na waliobaki ni mzee aliyeunguliwa nyumba na bibi aliyeibiwa akiba yake ya siri. Hata mlie vipi, wimbo unasema, ndiyo hivyo, sherehe imeshapita. Kwa Kijapani "baada ya sherehe" ni msemo wa kuchelewa, majuto ni mjukuu. Kwa hiyo mwisho ule wa polepole, wenye sauti iliyopindwapindwa kama kilio, ni mzaha wa maneno. Wimbo wa furaha unageuka wimbo wa huzuni ili kuicheka huzuni yenyewe.

Mtu anayeweza kukufanyia hivyo akiwa na miaka 15 huwezi kumwambia ana aina moja ya muziki.

Miaka iliyofuata naipita haraka, maana ilikuwa ya kazi ya punda: filamu juu ya filamu, zaidi ya 150 kwa jumla, nyingi akiigiza kama samurai kijana wa kiume. Mwaka 1955 alirekodi Take the A Train, nusu kwa Kiingereza nusu kwa Kijapani, na ule mchezo wa kuimba bila maneno anaucheza bila woga. Januari 1957, katika ukumbi wa Kokusai huko Asakusa, msichana wa miaka 19 aliyempenda kupita kiasi alimmwagia tindikali. Alipona, akarudi jukwaani. Mwaka 1962 aliolewa na mwigizaji Kobayashi Akira, na mwaka 1964 ndoa ikavunjika.

Ukitaka ushahidi wa ugomvi wangu, tazama mwaka 1965. Mwaka huo alishinda Tuzo Kuu ya Santuri ya Japani kwa wimbo Yawara, utungo wa Koga Masao kuhusu moyo wa mpiganaji wa judo, uliotoka karibu na Olimpiki ya Tokyo ya 1964 ambako judo iliingizwa kwa mara ya kwanza. Uliuza zaidi ya nakala milioni moja. Wanaoandika historia ya enka huuweka ukurasa wa mbele. Lakini mwaka huohuo 1965, baada ya Nat King Cole kufariki mwezi Februari, Hibari alitoa albamu nzima ya jazz ya kumuenzi. Hii wanaiacha, au wanaitaja kama mtu anayetaja kwamba mfalme naye hupenda kuvua samaki. Mimi nimeisikiliza zaidi ya Yawara. Anatembea nyuma kidogo ya mdundo, halazimishi, hatetemeshi hata mstari mmoja. Yule aliyetetema katika judo aliamua kutetema, na huyu wa jazz aliamua kuacha.

Mwaka 1966 ukaja Kanashii Sake, wimbo wa pombe na upweke ambao hata mimi siwezi kukataa kwamba ni enka kuliko enka yenyewe, na ambao aliuimba jukwaani huku chozi likimshuka. Mwaka mmoja baadaye, akiwa anatimiza miaka 30, alipanda jukwaani na sketi fupi, nyuma yake vijana wa Blue Comets na magitaa ya umeme, wakapiga Makka na Taiyo, muziki wa mtindo wa Beatles ambao ulikuwa wa watoto wa shule. Nao ukavuka milioni. Kati ya chozi na sketi fupi umepita mwaka mmoja tu.

Wapo wasemao kwamba huo ndio udhaifu wake: hakuwa na chake, alikuwa kinyonga. Hoja hii siidharau. Mwimbaji anayeweza kila kitu huweza kukosa kimoja cha kumtambulisha. Lakini chukua nyimbo hizo zote usikilize namna anavyoumaliza mstari. Wengi huuachia mstari ufe wenyewe. Hibari huukata, mara kwa pumzi, mara kwa kicheko kidogo, mara kwa ule mruko wa kichwani, na ukishauzoea, sikio lako litamtambua hata ndani ya mambo. Chake kilikuwa hicho, hakikuwa mavazi.

Sasa ilikuwaje akaishia kwenye kimono? Jibu langu lina mambo mawili, na la kwanza ni aibu. Maonyesho yake kwa miaka mingi yalisimamiwa na kampuni ya burudani ya Taoka Kazuo, mkuu wa genge la Yamaguchi-gumi. Biashara ya jukwaa ya Japani ya wakati ule ilikuwa hivyo, naye hakuficha. Mdogo wake Hibari alipokamatwa kwa mambo ya magenge, kumbi za manispaa zikaanza kumfungia milango, na mwaka 1973 NHK ikamwacha nje ya tamasha la mkesha wa mwaka mpya, ambako kwa miaka 10 mfululizo ndiye alikuwa akifunga zamu ya wanawake. Mama aliamuru wasitengane na kijana. Hawakutengana.

La pili ni kwamba miaka hiyohiyo ndipo enka ilipokuwa ikitafuta mababu. Muziki ukidai ni wa kale unahitaji mzee wa kuushuhudia, na mwimbaji aliyefukuzwa sebuleni kwa taifa anahitaji kiti. Wakakutana. Simlaumu; kiti ni kiti. Ila oneni kejeli yake: yule aliyeambiwa mwaka 1950 kwamba ni kituko cha kigeni, miaka 20 baadaye anatangazwa kuwa Ujapani wenyewe, na ili tangazo lisimame ilibidi bugi, mambo, jazz na magitaa ya umeme vifagiliwe chini ya mkeka.

Hata ule mwisho wake mashuhuri hauingii katika rafu. Aprili 1987 alilazwa Fukuoka, nyonga na ini vikiwa vimeharibika. Tarehe 11 Aprili 1988 alipanda jukwaa la Tokyo Dome, uwanja uliokuwa umefunguliwa mwezi uliotangulia, mbele ya watu 50,000. Aliimba nyimbo 39 huku gari la wagonjwa likingoja nje. Alipomaliza alitembea njia ya mita 100 hadi mlango wa kutokea, akipunga mkono, nyonga zikimuuma kila hatua. Kisha Januari 1989, siku chache baada ya mfalme Hirohito kufariki na zama mpya za Heisei kuanza, ikatoka Kawa no Nagare no Yo ni. Maneno ni ya Akimoto Yasushi, yuleyule aliyekuja kuunda AKB48, kundi la wasichana waimbaji wa pop. Usikilize bila kuambiwa nani anaimba: ni baladi ya pop, pana, ya nafasi, karibu haina mtetemo. Tarehe 24 Juni 1989 alifariki akiwa na miaka 52, na mwezi uliofuata akatunukiwa Heshima ya Taifa, mwanamke wa kwanza kuipata.

Wala ukuta haukudumu hata nyumbani kwa waliousimamisha. Binti wa Fuji Keiko, yule msichana asiyecheka, anaitwa Utada Hikaru. Mwaka 1999 alitoa First Love, albamu yenye harufu ya R&B ya New York, na hakuna albamu iliyowahi kuuzwa zaidi yake nchini Japani.

Mwaka 2019 Hibari alifufuliwa. Yamaha ilifundisha kompyuta sauti yake kwa kanda za zamani, zikiwemo zile alizomsomea mwanawe hadithi za watoto, na mkesha wa mwaka mpya picha yake ikaimba NHK wimbo mpya, Arekara. Katikati picha ile ikaacha kuimba ikazungumza, ikiwaambia watu ilikuwa ikiwatazama muda wote. Wengine walilia. Mwanamuziki Yamashita Tatsuro alisema redioni kwamba ni kufuru, neno moja, basi.

Mimi la kufuru nawaachia wenyewe. Lililonikera ni uchaguzi wa wimbo. Walikuwa na mashine inayoweza kuimba chochote, na marehemu aliyeimba kila kitu, wakamtungia baladi ya pole na machozi na kumvisha gauni jeupe la kumbukumbu. Ningewapa Omatsuri Mambo. Ningetaka kuisikia mashine ikifika pale mwendo unapokatika, kwa mzee aliyeunguliwa nyumba, mahali ambapo Hibari wa miaka 15 anavuta sauti kama analia msibani na, sikiliza vizuri, anamcheka.